Mkosaji Ambaye Hakuketi Kikaoni

Mwaka 1985 Ann Hercus, Waziri wa Ustawi wa Jamii wa New Zealand, aliunda kamati ya kuchunguza jinsi wizara yake ilivyokuwa ikiwahudumia Wamaori, wenyeji wa visiwa vile tangu kabla ya Waingereza kufika. Uenyekiti alimpa John Rangihau, mzee wa kabila la Tūhoe. Kamati hiyo ilikuwa na chimbuko lake. Mwaka mmoja nyuma, wanawake waliokuwa wakifanya kazi katika wizara hiyohiyo mjini Auckland walikuwa wametoa ripoti wakiituhumu ofisi yao wenyewe kwa ubaguzi wa rangi. Waziri hakuifungia ripoti yao kabatini, na kwa hilo anastahili sifa.

Rangihau alizaliwa mwaka 1919 katika nchi ya misitu na milima iitwayo Te Urewera. Miaka mitatu kabla ya kuzaliwa kwake, askari polisi wenye bunduki walikuwa wamepanda hadi kijiji cha Maungapōhatu kumkamata nabii wa Watūhoe, Rua Kēnana. Watu wawili wa kijiji waliuawa siku hiyo, mmoja wao mtoto wa nabii mwenyewe. Rangihau alikua akisikia habari hizo, kisha akaenda kupigana katika Kikosi cha Wamaori wakati wa Vita Kuu ya Pili, chini ya bendera ya dola ileile iliyowatuma polisi hao. Aliporudi akawa ofisa ustawi, na baadaye mwalimu wa chuo kikuu. Alijua faili linavyoandikwa ofisini, na alijua pia faili hilo linavyopokelewa na familia inayoandikwa ndani yake.

Wajumbe wake hawakukaa mjini kusubiri watu waje. Walikwenda kwenye marae, yaani uwanja na nyumba ya ukoo ambamo Wamaori hupokea wageni, huomboleza wafu na kumaliza ugomvi. Waliketi wakasikiliza. Malalamiko yaliyowafikia kila walikokwenda yalihusu watoto: wanachukuliwa. Polisi wanawakamata, mahakama inawatia hatiani, wizara inawapeleka kwenye makazi ya serikali au kwa walezi wageni, na bibi, shangazi na wajomba hawaulizwi. Sheria iliwatambua baba na mama. Ukoo, ambao kwa Mmaori ndio wenye mtoto, haukuwa na mahali pa kusaini. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapa.

Ripoti ilikabidhiwa mwaka 1986, ikachapishwa tena na kusambazwa mwaka 1988. Jina lake ni Puao-te-Ata-Tu, maana yake pambazuko. Ilitaja ubaguzi wa aina tatu. Upo wa mtu binafsi anayemdharau mwenzake. Upo wa utamaduni, pale watu wa kundi moja wanapoamini kwamba namna yao ya kuishi ndiyo ya binadamu wote. Na upo wa taasisi, ambao kamati iliuona kuwa ndio unaoharibu kuliko yote, kwa kuwa hauhitaji ofisa mwenye chuki. Kanuni zinafanya kazi zenyewe: nani anaitwa kikaoni, nani anahesabiwa kuwa familia, nyumba ipi inatajwa kuwa inamfaa mtoto. Pendekezo la kwanza kabisa lilikuwa kupambana na ubaguzi wa utamaduni wa kila sura. Hilo lilitangulia mambo ya fedha na muundo wa wizara.

Rangihau alifariki mwaka 1987. Hakuiona sheria iliyotokana na kazi yake, sheria ambayo wanasheria wa nchi nyingi huitaja leo kila wanapozungumzia haki rejeshi, yaani ile inayolenga kurekebisha madhara na mahusiano badala ya kuadhibu peke yake. Kwa kawaida huitaja kama mbinu ya kuwapatanisha kijana mwizi na mwenye duka. Ubaguzi ulioizaa hautajwi.

Kilichopotea kabla ya hapo kinaeleza kwa nini watu wa marae walizungumza kwa uchungu ule. Kabla ya Mkataba wa Waitangi wa tarehe 6 Februari 1840, Wamaori hawakuwa na magereza. Kosa la mmoja lilikuwa deni la ukoo wake wote. Katika desturi iitwayo muru, ukoo uliokosewa ulikwenda kwa ukoo wa mkosaji, ukatamka malalamiko hadharani, kisha ukachukua mali: mitumbwi, vyakula, mavazi, nyavu. Ukubwa wa kundi lililokuja ulilingana na uzito wa kosa na hadhi ya mkosaji, na ukoo uliojijua kuwa na hatia haukupinga. Frederick Maning, Mzungu aliyeishi miongoni mwao, aliieleza desturi hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1863. Walowezi wengi walioiona waliiita uporaji. Si kwamba maisha ya kale yalikuwa shwari. Palikuwa na vita, visasi na mateka waliofanywa watumwa. Ila palikuwa na njia inayoeleweka ya kulipa na kumaliza, na kila mtu alijua anasimama wapi ndani yake.

Kuna kipindi kifupi ambacho hata serikali ya kikoloni iliikubali mantiki hiyo. Mwaka 1844 Gavana Robert FitzRoy alitoa sheria iliyomruhusu Mmaori aliyepatikana na hatia ya wizi kulipa mara nne ya thamani ya mali badala ya kufungwa. Walowezi walikasirika. Lakini FitzRoy alikuwa akitawala nchi ambayo Wamaori bado walikuwa wengi kuliko Wazungu, na utawala usio na nguvu hujifunza kusikiliza. Hesabu ya watu ilipogeuka, usikivu nao ukaisha. Zilikuja vita za miaka ya 1860, kisha sheria ya mwaka 1863 iliyoruhusu kutaifisha ardhi ya makabila yaliyoitwa waasi. Hekta zipatazo milioni 1.2 zilichukuliwa, nyingine kutoka kwa makabila ambayo hayakuwa yamepigana.

Mji ulikuja baadaye. Kabla ya Vita Kuu ya Pili Wamaori wengi waliishi vijijini. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 robo tatu walikuwa mijini, wakifanya kazi viwandani, bandarini na kwenye barabara. Polisi wakawaona zaidi, na majirani Wazungu nao wakawaona zaidi. Katika miaka ya 1930 Mmaori alikuwa kiasi cha mmoja kati ya wafungwa kumi. Katika miaka ya 1980 Wamaori walikaribia nusu ya wafungwa wote, ingawa walikuwa sehemu ndogo ya wananchi.

Watoto walitangulia kufungwa kabla ya wakubwa. Yalikuwapo makazi ya serikali kama Owairaka mjini Auckland, Epuni karibu na Wellington, na Kohitere katika mji wa Levin, mahali palipofanana na mahabusu za watoto na shule za maadilisho tunazozijua huku. Katika baadhi ya makazi hayo hadi wanane kati ya watoto kumi walikuwa Wamaori. Walifungiwa peke yao vyumbani, walipigwa, wengi walinajisiwa. Katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Lake Alice, miaka ya 1970, watoto walipigwa shoti za umeme kama adhabu. Wengine hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili. Mwishoni mwa muongo huo kikundi cha kupinga ubaguzi cha Auckland kilichojulikana kama ACORD, pamoja na vijana wa Kimaori wa Ngā Tamatoa, kiliendesha uchunguzi wake wa hadharani na kuyaanika maovu hayo. Nchi ilisikia, ikashtuka kidogo, ikaendelea na shughuli zake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya sheria ya mwaka 1989 iliyohusu watoto, vijana na familia zao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba mwaka huo. Ilisema jambo ambalo halikuwa limesemwa na sheria ya taifa lolote jingine: kwamba kijana akikosa, uamuzi wa nini kifanyike uanzie kwa familia yake pana, kwa jina la Kimaori whānau, na mahakama ije nyuma. Polisi walizuiwa kukamata ovyo. Makosa madogo yaliishia kwa onyo au makubaliano na familia, bila kufika mahakamani. Mazito zaidi yalipelekwa kwenye kikao cha familia, isipokuwa mauaji.

Kikao chenyewe huitishwa na mratibu wa serikali, na kinaweza kukaa nyumbani, ofisini au kwenye marae. Kijana wa miaka 15 aliyevunja duka, tuseme, anaketi pamoja na wazazi, mabibi, wajomba na yeyote ambaye ukoo unamtaka. Mwenye duka yupo, na anaruhusiwa kuja na watu wake. Polisi anasoma maelezo ya kosa. Kijana akikiri, aliyetendewa anazungumza: kilichovunjwa, hasara, usiku ambao hakulala. Halafu linakuja jambo ambalo wanasheria wa nje hulisahau wanapoiga utaratibu huu, nalo ni kwamba polisi, mwanasheria, mratibu na mtendewa wanatoka nje, ukoo unabaki peke yake. Hapo ndipo shangazi anasema yasiyosemeka mbele ya wageni. Hapo ndipo inajulikana nani ataishi na kijana, nani atamsindikiza kazini, nani amekuwa akimfumbia macho. Wanaporudi wanaleta mpango: kuomba radhi, kulipa, kufanya kazi ya jamii, kurudi shule, kukaa kwa babu mashambani. Kura haipigwi. Wote wakubaliane, pamoja na polisi na aliyetendewa, ndipo mpango uende kwa jaji.

Mahakama mpya ya Vijana ilipata jaji mkuu wake wa kwanza, Mick Brown, ambaye alikuwa Mmaori. Matokeo yalionekana haraka. Kesi za vijana zilizofika mahakamani, ambazo zilikuwa zaidi ya 10,000 kwa mwaka, ziliporomoka hadi elfu chache. Makazi kadhaa ya kufungia watoto yalifungwa. Maelfu ya vijana walikua bila rekodi ya jinai, wakaenda kazini na kulea watoto wao, na hilo ni jema lisilopaswa kudharauliwa na yeyote anayeikosoa sheria hii.

Watendewa hawakufaidika kwa kiwango hicho. Watafiti Gabrielle Maxwell na Allison Morris, waliofuatilia vikao katika miaka ya mwanzo, waliona kwamba watendewa walihudhuria chini ya nusu ya vikao, na miongoni mwa waliohudhuria karibu robo walisema walitoka wakijisikia vibaya zaidi. Mara nyingi sababu ilikuwa ndogo na ya aibu: siku na saa zilipangwa kwa ajili ya ofisi, na mtendewa akaarifiwa baadaye.

Kwa nini basi dunia inaikumbuka kama haki rejeshi? Walioitunga hawakutumia jina hilo. Nadharia ilikuwa ikikua kwingine. Mwaka 1974, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ofisa wa uangalizi Mark Yantzi, muumini wa kanisa la Wamenno, aliwapeleka vijana wawili kubisha mlango kwa mlango kwenye nyumba na maduka 22 waliyoyaharibu wakiwa walevi katika mji wa Elmira, waombe radhi na kulipa. Kisa hicho kilizaa vuguvugu, na mwaka 1990 Mmarekani Howard Zehr aliliandikia falsafa yake. Mapema katika miaka ya 1990 jaji wa Auckland, Fred McElrea, alipoyasoma maandishi hayo aliona yanaeleza kile alichokuwa akikifanya kila wiki katika Mahakama ya Vijana. Akaandika na kusafiri kueleza. Polisi wa mji wa Wagga Wagga, Australia, walikuwa wameshaunda vikao vyao tangu mwaka 1991, wao wenyewe wakiwa waendeshaji. Polisi wa bonde la Mto Thames, Uingereza, wakafuata. Afrika Kusini iliuingiza mkutano wa familia katika sheria yake ya haki ya mtoto ya mwaka 2008.

Safari hiyo ya heshima ilikuwa na gharama. Juan Tauri, mtaalamu wa elimu ya jinai wa Kimaori wa kabila la Ngāti Porou, ameandika kwa miaka mingi kwamba dola ilichukua vipande vya desturi ya watu wake, ikavipamba, ikaviuza nje kama bidhaa ya kiasili, hata kwa wenyeji wa Kanada waliokuwa na desturi zao wenyewe. Na nyumbani mratibu alibaki mwajiriwa wa wizara, polisi walibaki na mlango wa kuingilia, na jaji akabaki na neno la mwisho.

Mtu mwingine alikuwa ameliona hilo tangu mwanzo. Moana Jackson, mwanasheria wa Ngāti Kahungunu na Ngāti Porou, alizungumza na maelfu ya Wamaori kabla ya kutoa ripoti yake juu ya watu wake na mfumo wa jinai, iliyokamilika mwaka 1988, mwaka mmoja kabla ya sheria kupitishwa. Alisema huwezi kueleza kwa nini Wamaori wanajaa magereza bila kueleza ukoloni uliowanyang'anya ardhi, lugha na mamlaka. Akapendekeza Wamaori waendeshe mfumo wao wa haki, sambamba na wa serikali. Geoffrey Palmer, Waziri wa Sheria wa wakati huo, alilikataa wazo hilo.

Ukiziweka ripoti mbili hizi pamoja na sheria iliyofuata, tofauti inaonekana. Rangihau na Jackson walikuwa wameleta shauri dhidi ya serikali. Walitaja mkosaji, wakataja madhara, wakadai yarekebishwe. Serikali ilijibu kwa kuunda kikao kizuri sana cha kushughulikia makosa ya watoto wa Kimaori. Ndani ya kikao hicho kijana alitakiwa kukiri, kusikiliza uchungu wa aliyetendewa, kulipa na kubadilika. Dola iliketi pembeni kama mratibu, polisi na jaji. Kiti cha mkosaji haikukikalia hata siku moja.

Majaji wa Kimaori hawakukata tamaa na walichopewa. Mwezi Mei 2008, katika marae ya Te Poho-o-Rawiri mjini Gisborne, Jaji Heemi Taumaunu alianzisha kikao cha kwanza cha Rangatahi, yaani mahakama ya vijana inayokaa kwenye nyumba ya ukoo. Sheria ni ileile, adhabu ni zilezile. Kinachobadilika ni mahali na watu. Kijana anapokelewa kwa taratibu za wageni, wazee wanaketi kando ya jaji, na kabla ya shauri kijana anajitambulisha kwa Kimaori: mlima wake, mto wake, kabila lake, marae yake. Wengi huwa hawajawahi kuyatamka maneno hayo na wanafundishwa hapo. Kisha mzee anayemjua babu yake anamwambia babu huyo alikuwa mtu wa namna gani. Vikao vya namna hiyo vimeenea sehemu nyingi za nchi, na mwaka 2019 Taumaunu akawa Jaji Mkuu wa Mahakama za Wilaya.

Hata hivyo, Wamaori, ambao sasa ni kiasi cha mmoja kati ya wananchi sita, wamebaki kuwa zaidi ya nusu ya wafungwa.

Dola ilianza kusogezwa kwenye kiti chake polepole. Mwezi Novemba 2020, mbele ya wachunguzi, iliungama kwamba mfumo wake wa malezi ya watoto ulikuwa na ubaguzi wa kimuundo, na kwamba haikuwa imeyatekeleza kikamilifu mapendekezo ya Puao-te-Ata-Tu. Tume ya Kifalme iliyoundwa mwaka 2018 kuchunguza unyanyasaji wa watoto na watu wazima waliokuwa chini ya uangalizi wa serikali na wa taasisi za dini iliwasikiliza manusura zaidi ya 2,300. Ripoti yake ya mwisho ilitoka Julai 2024. Ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1950 na 2019 watu wapatao 655,000 walipita katika uangalizi huo, na huenda 200,000 kati yao walinyanyaswa, Wamaori wakiwa wameumizwa kuliko wengine. Mwezi huohuo serikali ilikiri kwamba yaliyotendeka Lake Alice yalikuwa mateso. Tarehe 12 Novemba 2024 Waziri Mkuu Christopher Luxon aliomba radhi rasmi bungeni, manusura wakiwa wamekaa juu yake kwenye roshani.

Kukiri kulifanyika, basi, na kusikiliza kulifanyika. Katika kikao cha kijana hatua zinazofuata ni kulipa na kubadilika, na familia haiondoki mpaka zimeandikwa.

Mwaka huohuo wa 2024, mjini Palmerston North, serikali ileile ilianzisha majaribio ya kambi za nidhamu za mtindo wa kijeshi kwa vijana wakosaji, ingawa tume ilikuwa imetumia kurasa nyingi kueleza mateso ya watoto waliopelekwa kambi ya namna hiyo, Whakapakari, katika Kisiwa cha Great Barrier. Mwaka 2025 Bunge lilifuta kifungu cha sheria ya watoto kilichomtaka mkuu wa wakala wa serikali wa malezi ya watoto apunguze pengo kati ya watoto wa Kimaori na wengine na kuheshimu ukoo wao. Baraza la Waitangi, chombo kinachosikiliza madai ya Wamaori kuhusu Mkataba, lilikuwa limeonya kwamba hatua hiyo ingeuvunja Mkataba. Waziri aliyeisimamia, Karen Chhour, ni Mmaori aliyepitia malezi ya serikali mwenyewe, naye alisema anaweka usalama wa mtoto mbele ya nasaba. Hoja yake haistahili kubezwa, kwa kuwa wapo watoto walioumizwa na jamaa zao. Lakini miaka 35 ya vikao ilikuwa imeonyesha kwamba ukoo ukipewa nafasi na msaada ndio unaojua jamaa yupi ni salama.

Tume ilipendekeza chombo huru cha kushughulikia fidia, ili manusura wasirudi kuomba kwa waliowaumiza. Mwezi Mei 2025 serikali ilitangaza kwamba haitakiunda. Iliongeza fedha, ikapandisha wastani wa malipo hadi kiasi cha dola 30,000 za nchi hiyo, na ikaacha madai yaendelee kupokelewa, kupimwa na kuamuliwa na idara zake zenyewe.